Filamu Niliyoigiza Mimi na Ufagio

Siku mliyoniaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani. Nikaelewa ujumbe: nilale, na nikiamka nijue nimelala kiasi gani. Asanteni sana. Lakini mliniomba pia niwaandikie niliyojifunza katika kazi ya kamera, yawasaidie ninyi mliobaki pale studio mjini Bukoba. Nimeketi hapa nyumbani Buganguzi, wilayani Muleba, kuyaandika, na nimegundua jambo la ajabu. Miaka yote ile ya harusi, vipaimara na misiba imenifundisha mengi, ila somo kubwa kuliko yote nimelipata baada ya kustaafu, sebuleni kwangu, nikiwa peke yangu, nimevaa gauni la mke wangu.

Nitafika huko. Tuanze mwanzo.

Aliyenifundisha kazi ni fundi Kaijage, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mtu mfupi mwenye kamera ndefu, ile ya kubeba begani iliyokuwa inameza kaseti kubwa kama tofali. Nilipokwenda kuomba kazi hakuniuliza kama najua kupiga picha. Alinishika mkono, akautazama kama unatetemeka, kisha akaniwekea taa mkononi.

"Kazi yako ni kuangaza," aliniambia. "Usimwangaze mtu anayetafuna. Usimwangaze anayesinzia. Na mama mkwe usimwangaze kutokea chini, hata kama umelipwa."

Hicho ndicho chuo nilichosoma. Mahafali yake yalikuwa jioni hiyohiyo.

Tulikwenda harusi Kemondo, karibu na bandari, ukumbi wa wazi wenye turubai. Harusi ya Kilutheri, watu wa heshima, kwaya imejipanga. Hakuna aliyefikiria kwamba ulikuwa msimu wa senene. Ninyi mnawajua senene, wale panzi wetu wanaokaangwa: wakiona mwanga mkali hawaulizi ni sherehe ya nani. Bi harusi akashika kisu cha keki. Fundi Kaijage akanong'ona, "Washa." Nikawasha taa yangu, kwa fahari ya mtu wa siku ya kwanza kazini.

Wakaja kama mvua. Kwanza mmoja akatua juu ya keki. Bwana harusi akampangusa kistaarabu. Kisha wakatua kwenye suti yake, kwenye kilemba cha mama mzazi, kwenye kitabu cha mchungaji. Kwa muda mfupi sana watu walijaribu kuwa wageni waalikwa. Halafu mzee mmoja meza ya mbele akatoa leso, akaanza kukusanya, na hapo heshima ikaisha. Waliokuwa na kofia walivua kofia. Kwaya ilipanda juu ya viti. Bi harusi mwenyewe alishika shela lake pande mbili kama wavu, akamwambia mumewe, "Wafukuzie huku!" Lilikuwa agizo lake la kwanza ndani ya ndoa, na bwana harusi alilitekeleza vizuri mno.

Mimi nilitaka kuzima taa kwa aibu. Fundi Kaijage akanikanyaga mguu. "Ukizima nakufukuza," akasema, jicho halijatoka kwenye kamera.

Familia ile walikuwa wakija studio kila mara kuomba nakala, na hawakuwahi kuulizia sehemu ya viapo. Walitaka ya senene. Basi andikeni hilo: ratiba mnayopewa na mshereheshaji ni ya mshereheshaji. Ninyi fuateni tukio.

Baadaye nikakabidhiwa kamera, kaseti zikawa ndogo, halafu zikapotea kabisa, zikaja memori kadi ambazo mtu anaweza kuzimeza kwa bahati mbaya pamoja na dawa. Kesi ngumu nazo hazikukosekana. Kule Buhembe, kwenye msiba, mtoto wa marehemu alichelewa kufika kutoka safari. Aliingia akilia kwa uchungu, akapita mbele yangu, kisha akarudi, akafuta machozi na kuuliza, "Umenipata?" Nikamwambia ukweli kwamba nilikuwa nabadilisha betri. Akatoka hadi barabarani, akaingia upya. Mara ya pili alilia vizuri zaidi, na shangazi zake ambao mara ya kwanza walikuwa wametulia wakaanguka wote watatu. Sikucheka. Mpiga video anayecheka msibani atafute kazi ya kuuza maandazi.

Halafu kuna maiki. Yule bwana harusi tuliyemfunga maiki kwenye koti tukasahau kuifungua mnamkumbuka. Alipokwenda chooni, spika zote mbili za ukumbi zilikwenda naye. Fundi Kaijage alikuwa akisema kamera ina jicho moja lakini aibu zote hupitia masikioni. Kabla hujabonyeza kitufe, sikiliza kwanza. Ningelikumbuka hilo mwaka huu ningejiokoa na mengi.

Sasa nifike kwenye filamu.

Siku ile ya kuniaga, baada ya soda ya pili, nilisimama nikatangaza kwamba nikifika nyumbani nitatengeneza filamu fupi, mimi peke yangu, tangu hadithi hadi kuhariri, bila msaada wa mtu. Mkapiga makofi. Makofi ni kitu cha hatari kwa mtu wa umri wangu. Lakini sikuwa natania. Maisha yangu yote nilipiga sherehe za watu. Watu walianza, mimi nikawakimbilia. Sikuwahi hata mara moja kusema mimi mwenyewe, "Haya, tuanze." Nilitaka kulisema neno hilo kabla magoti hayajakataa kabisa.

Bahati ikaja haraka. Binti yetu Koku alijifungua Mwanza, na mke wangu, Mama Koku, akaenda kumsaidia kumwogesha mtoto. Aliondoka na mikungu ya ndizi, kahawa ya kutafuna, na maagizo. Mbuzi asiingie kwenye maharage. Mlango wa stoo ufungwe. Nisile mayai kila siku kama mtu aliyekosa ndugu. Basi likaondoka, nami nikabaki na nyumba tupu, kibanja chenye migomba, kamera na hadithi.

Hadithi yenyewe ni hii. Mke anamtuma mume dukani kununua chumvi. Mume anarudi na redio. Mke anagomba. Wanapatana. Mwisho. Nawashauri hadithi ya kupigwa na mtu mmoja isizidi hapo. Nilikuwa nimefikiria kuongeza polisi, nikaacha.

Tatizo likawa mke. Nilimfikiria jirani yangu, Ma Justa, mjane mwenye sauti nzuri na mikono inayozungumza. Halafu nikajiuliza: mke wako amesafiri, wewe unamwita mwanamke wa jirani aje kwako aigize mke wako, na mnafunga mlango ili kelele za nje zisiingie. Hiyo si filamu tena, ni kesi. Basi, kwa ajili ya kulinda heshima ya nyumba yangu, na naomba msome sentensi hii taratibu, niliamua kumwigiza mke mimi mwenyewe.

Nilianza na mume, kwa kuwa huyo nilimzoea. Somo la kwanza: ukiwa peke yako hakuna wa kukuambia kama umo ndani ya picha. Nilicheza asubuhi nzima kwa hisia kali, na nilipotazama nikakuta nimepiga kiti, dirisha, na bega langu la kushoto. Mara ya pili nilibonyeza kitufe, kisha, nikiwa tayari nakwenda kukaa, kwa hofu kwamba sijabonyeza, nikarudi nikabonyeza tena. Kamera ilipiga mimi nikienda kukaa, ikazima, ikawaka mimi nikija kuizima. Mchezo wote uliokuwa katikati aliuona mbuzi peke yake, dirishani.

Ndipo nikamwajiri ufagio. Nilichukua ufagio wa mpini mrefu, nikausimika kwenye debe la mchanga pale nitakapokaa, nikauvika kofia yangu kwa urefu wa kichwa changu. Naweka kamera sawa kwa ufagio, halafu nauondoa nakaa mimi. Nikiigiza mke, ufagio unakaa mahali pa mume, ili macho yangu yajue pa kutazama. Nawaambieni, nimefanya kazi na washereheshaji wakubwa wa mkoa huu, na sijapata mwenzangu mtulivu kama ule ufagio. Ulifika kwa wakati, haukuomba chakula, na haukutazama kamera.

Sauti ilinitesa. Nilificha maiki ndani ya birika mezani, kila mtu akasikika kama anaongea kutoka kisimani. Nikaihamishia kwenye mkungu wa ndizi uliokuwa sebuleni, sauti ikawa nzuri mno, lakini nikajikuta nageuka kuongea na ndizi. Mvua nayo, mnaijua mvua ya Muleba juu ya bati: mume anafungua mdomo, bati linajibu. Jogoo sisemi. Jogoo yule alikuwa na adabu ya kusubiri niseme "haya, tuanze" ndipo awike.

Kisha ikafika zamu ya mke. Nilivaa gauni la Mama Koku, lile la maua analovaa kanisani Jumapili za kawaida, nikajitazama kwenye kioo. Mbele yangu alisimama mwanamke mnene mwenye masharubu. Masharubu yale nilikuwa nayo kabla Koku hajazaliwa. Nilijaribu kujifunga mtandio mdomoni, mke awe anaumwa jino, lakini mwanamke mwenye jino bovu hawezi kugomba kwa ufasaha, na hadithi yangu ilihitaji ufasaha. Nikachukua wembe.

Nilipomaliza kunyoa ndipo nilipokumbuka kwamba nusu ya mume nilikuwa nimeshaipiga. Kwenye filamu yangu mume anaingia mlangoni na masharubu, anaketi kitini bila masharubu. Nilikaa kitandani muda mrefu, uso unanichoma. Kisha nikaandika mazungumzo mapya, na naamini ndiyo bora kuliko yote:

"Umenyoa?"

"Nimenyoa njiani."

"Chumvi umesahau, kunyoa ukakumbuka?"

Kosa la kupiga, likitokea, mpe mhusika alitaje kwa kinywa chake. Mtazamaji ataona ulikusudia.

Nikahitaji pia nywele. Nilikwenda dukani pale senta, nikaomba wigi na rangi ya mdomo. Muuzaji, mama mmoja anayenifahamu vizuri, akanitazama mdomo wa juu uliokuwa mweupe kama yai.

"Ni za Mama Koku, Baba Koku?"

"Hapana," nikajibu kwa uaminifu. "Mama Koku hayupo, yuko Mwanza."

"Aaa," akasema. Akanifungia kwenye gazeti bila kuniuliza kingine. Niliona ajabu kwamba amenyamaza, maana si kawaida yake. Sikusikiliza ule unyamavu. Fundi Kaijage angeusikia.

Kwa siku zile kadhaa majirani waliona mambo yafuatayo, kama walivyonieleza wenyewe baadaye. Mume ambaye mkewe amesafiri kanyoa masharubu. Kanunua wigi na rangi ya mdomo. Mwanamke mnene mwenye gauni la maua ameonekana kwa nyuma akipita kwenye migomba, anatembea vibaya kama mgeni wa shamba. Na kila alasiri ndani ya nyumba mwanamke na mwanaume wanagombana, mara wanapatana, halafu wanagombana tena kwa maneno yaleyale.

"Hicho ndicho kilinichanganya," Ma Justa aliniambia. "Nikasema, huyu mwanamke ana moyo gani wa kurudia?"

Alasiri moja nilikuwa katikati ya kazi, gauni mwilini, wigi kichwani, mdomo mwekundu, nikasikia mlangoni, "Hodi hapa! Hodi Baba Koku!" Ilikuwa sauti ya Mzee Faustini, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mtu anayeongoza rozari kila wiki na kuwapatanisha wanandoa wa kitongoji chetu. Nyuma yake nikasikia Ma Justa akikohoa kile kikohozi chake cha shahidi.

Nikifungua, jioni hiyo Muleba nzima itajua kwamba mzee mzima wa kanisa, mjukuu akiwa na siku chache duniani, anavaa gauni. Nikinyamaza, wataona mlango umefungwa kwa ndani na kudhani nimekufa, wauvunje. Nilikuwa bado natafakari wakati mdomo wangu, uliokuwa umefanya mazoezi siku nzima, ulipojibu wenyewe kwa sauti nyembamba:

"Baba Koku hayupo!"

Nje kikohozi cha Ma Justa kikakatika.

"Na anayejibu ni nani, waitu?" akauliza Mzee Faustini, kwa adabu ya Kihaya iliyoanza kupasuka.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

Mtu mwenye akili angesema binamu. Angesema mgeni. Mimi nilikuwa nimeigiza sehemu moja wiki nzima, na kichwani hamkuwa na jibu lingine.

"Mke wake!"

"Yesu na Maria!" alisema Ma Justa. Nikasikia ndala zake zikiondoka mbio kuelekea mahali penye mtandao.

Jioni hiyo simu ikalia. Alikuwa Mama Koku.

"Baba Koku, habari za nyumbani?"

"Nzuri kabisa. Mtoto anaendeleaje?"

"Anaendelea. Mbuzi?"

"Mzima."

"Mko wangapi hapo?"

"Niko peke yangu."

"Haya," akasema, akakata.

Mnajua nilichofanya? Nililala usingizi mzuri. Nilimhurumia kwa uchovu wa kulea, nikasema moyoni atacheka sana akirudi na kuikuta filamu imekwisha. Ndiyo maana nawaambia vijana, mtu anayehariri mwenyewe kazi yake hujiamini hata mahali ambapo angetakiwa kuwa na hofu.

Ilibaki sehemu moja, ya ugomvi mkubwa, na nilitaka kuipiga kwa mfululizo bila kukata. Asubuhi niliyoichagua hakukuwa na mvua. Jogoo nilimfungia stoo. Nikauvika ufagio kofia na koti langu, nikakaa kwenye kigoda, nikaegemeza mkono kiunoni kama afanyavyo Mama Koku mwenyewe, nikasema, "Haya, tuanze."

Na siku ile nilicheza vizuri, lazima nikiri. Maneno yalikuja bila kuyaita.

"Tangu unioe, ni lini nimekutuma kitu ukaleta nilichokutuma? Nilikutuma sabuni ukaleta kalenda. Nilikutuma dawa ya mtoto ukaleta habari za mpira! Mimi naamka gizani, nachota maji, napalilia, natwanga, narudi hapa wewe unaniuliza chai iko wapi. Chai iko wapi! Kwani mimi ndiye niliyeificha?"

Niliunyooshea ufagio kidole. Nilisimama. Nilikuwa nimefika mahali mke anapochukua redio na kutishia kuitupa migombani, nikageuka ili niichukue, nikaona watu kwenye mlango niliosahau kuufunga.

Mama Koku alikuwa amesimama mbele, begi la safari mkononi. Meli ilikuwa imemshusha Kemondo asubuhi hiyo. Nyuma yake Mzee Faustini amevua kofia kama aliyefika kwenye jeneza, na nyuma ya Mzee Faustini kichwa cha Ma Justa kikitafuta nafasi. Sijui walisimama pale tangu kwenye sabuni au tangu kwenye chai.

Mke wangu alitazama gauni lake. Akatazama wigi. Akatazama ufagio wenye koti langu.

"Baba Koku," akasema polepole sana, "mbona unaugombeza ufagio?"

Sauti yangu ya kiume haikutoka. Nilikohoa, ikatoka ile nyembamba. "Karibu," nikasema. "Pole na safari."

"Pole wewe, mama," Mzee Faustini akamwambia Mama Koku, akimshika bega, kwa sauti ile anayoitumia kwa wafiwa. "Haya magonjwa siku hizi yapo. Kuna hospitali."

Ma Justa hakuwa na habari na ugonjwa. Alikwishapita pembeni yangu, ametazama chumbani, chini ya kitanda, jikoni, na stoo, ambako jogoo alimrukia usoni. Akarudi na manyoya kwenye kilemba.

"Mwanamke umemficha wapi?"

"Hakuna mwanamke. Ni mimi."

"Mimi si mtoto, Baba Koku. Sauti niliisikia kwa masikio haya!"

Hapakuwa na njia nyingine. Nilifunga macho nikaita, "Baba Koku hayupo!"

Mzee Faustini aliruka hatua nyuma. "Ndiye! Ndiye huyo huyo!" Kisha akaelewa alichokisema, akakaa kwenye kiti cha karibu na kufunika uso kwa kofia. Mabega yakaanza kumtikisika. Mwanzoni nilidhani anasali.

Nikaeleza yote: mlivyopiga makofi, chumvi, redio, kwa nini nilimwogopa Ma Justa, na Ma Justa akasema kwani yeye ana nini cha kuogopwa, na tukapoteza muda hapo. Mama Koku alibaki pale mlangoni. Alikuwa ametoka Mwanza, ameacha binti na kichanga mikononi mwa wifi, amesafiri ziwa zima akijiandaa kwa jambo moja, na sasa hakujua aliweke wapi lile alilojiandaa nalo. Niliona mikono yake ikishika begi kwa nguvu, na hapo ndipo hamu ya kucheka ilipoanza kuniishia mimi. Aliogopa kweli. Kwa kilomita zote zile aliogopa kweli, kwa sababu ya wigi.

"Tuoneshe," akasema hatimaye.

Niliunganisha kamera kwenye televisheni. Sikuwa hata nimebadilisha nguo. Wakaketi watatu kwenye kochi, mimi nimesimama pembeni na gauni langu, nimebana mikono kama bi harusi anayesubiri kuitwa.

Jamani, walicheka. Masharubu yalipopotea, Mzee Faustini alipiga goti kwa kofia. Kwenye "nimenyoa njiani" Ma Justa aliomba maji. Nimepiga kazi nyingi sana, na watu wametoa machozi wakijiona kwenye skrini zangu, ila kicheko kile kilinijaa kifuani kuliko vyote. Kilikuwa changu. Nilikuwa nimesema "tuanze," na kumbe kulikuwa na kitu cha kuanza.

Mama Koku peke yake hakucheka. Ugomvi ulipofika, na kalenda, na chai iko wapi, alisogea mbele kidogo, mikono mapajani. Mwishoni alionekana yeye mwenyewe mlangoni na begi, maana kamera ilikuwa bado inapiga. Picha ikazima.

"Mimi huwa naongea hivyo?" akauliza.

Mzee Faustini alichunguza dari. Ma Justa, ambaye ndiye jirani wa mpakani, akasema, "Kidogo."

"Na huwa naweka mkono hivi?"

"Hivyo hivyo," akasema Ma Justa.

Nilijiandaa kuomba radhi. Nilifikiria hata kusema ni mke wa mtu mwingine. Lakini Mama Koku alisimama, akaweka begi chini, akauvua ufagio koti langu na kulivaa. Lilimfika magotini. Akachukua na kofia.

"Washa kamera," akasema.

"Mama Koku..."

"Washa."

Nikawasha. Akaenda kwenye kiti changu, akajitupa kama gunia la kahawa, akanyoosha miguu, akatoa pumzi ndefu ya mtu aliyefanya kazi nzito ya kutoka chumbani. Akajikuna tumbo. Kisha akaita kwa sauti nzito, bila kugeuka, "Mama Koku! Mama Koku weee! Miwani yangu iko wapi?" Akasubiri. "Mama Koku! Njoo ubadilishe stesheni!" Redio ilikuwa karibu na kiwiko chake.

Ma Justa aliteleza kutoka kwenye kochi akakaa sakafuni. Mzee Faustini alikuwa analia kabisa. "Ndiye yeye," alisema. "Mungu anisamehe, ndiye yeye kabisa." Nami nyuma ya kamera, katika gauni la maua, nilikuwa namtazama mzee mmoja niliyemfahamu vizuri na ambaye sikuwahi kumuona.

Basi nikadhani amemaliza. Alikuwa ametulia, kofia imemshukia machoni. Kisha akageuza kichwa kuelekea jikoni, mahali ambapo huwa amesimama yeye, na akasema kwa ile sauti yangu nzito, ila taratibu:

"Mama Koku. Umechoka. Njoo ukae, nitaweka chai mimi."

Mzee Faustini akaacha kufuta macho.

"Mimi sijawahi kusema hivyo," nikasema.

"Najua," akajibu, bado ndani ya koti. "Si ulisema ni filamu?"

Wakanigeukia wote. Niliiacha kamera ikiendelea peke yake, nikakusanya gauni nisijikwae, nikaenda jikoni kutafuta birika.